Ndege ya Msiba na Ndege ya Wikiendi

Huku Ulaya ukisema unakwenda kwenu likizo, siku hizi hakosekani wa kukuuliza safari hiyo itazalisha tani ngapi za hewa ya ukaa. Nyumbani wanataka kujua unatua saa ngapi na nani aje kukupokea, basi.

Wa huku hesabu yao ni ya kweli. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa zaidi ya kilo tatu za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni yake huungana na oksijeni ya hewani. Kuna na ile michirizi myeupe nyuma ya ndege: mvuke wa injini huganda kwenye baridi kali ya huko juu, na hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, mchirizi hutanda ukawa wingu jembamba la barafu linalozuia joto la ardhi lisitoke. Mchana wingu hilo walau hurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Usiku hata hilo halipo, na safari zetu ndefu nyingi ni za usiku.

Kinachonikera ni nani anayehubiriwa. Utafiti wa 2020 ulikadiria kwamba mwaka 2018 ni asilimia 11 tu ya watu duniani waliopanda ndege, na asilimia 1 peke yao walisababisha nusu ya uchafuzi wa ndege za abiria. Mfanyakazi mwenzangu alinipa somo zima tukiwa mezani, naye Jumapili yake ametoka kutembea kwa ndege mji ambao treni inafika kabla ya chakula cha mchana. Ufaransa mwaka 2023 ilifuta safari za ndege kutoka uwanja wa Paris Orly kwenda Bordeaux, Nantes na Lyon kwa sababu treni inatosha. Njia tatu ni kidogo mno, ila walau wameanza panapostahili. Treni ya kunifikisha kwetu haipo.

Nyumbani nako wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hapo siwaungi mkono. Ukame na mafuriko vinampata mkulima ambaye ndege huiona ikipita tu, na sisi wa ughaibuni tumo kwenye ile asilimia 11, tupende tusipende.

Kile kisanduku cha kulipia miti ipandwe kufidia hewa ya ukaa, wakati wa kukata tiketi, sikiamini sana. Mti huchukua miaka kukua, moshi umeshatoka leo. Mimi ningetaka kodi inayopanda kadiri mtu anavyoruka. Mafuta ya safari za kimataifa kwa sehemu kubwa bado hayatozwi kodi, utaratibu wenye mizizi kwenye Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga. Basi anayekwenda kumzika mzazi wake, safari yake ya kwanza kwa mwaka, asiguswe. Anayeruka kila wiki kwenda kwenye kikao cha saa mbili alipishwe mpaka mhasibu wa kampuni yake aulize kwa nini hakikufanyika kwa video.