Gari langu nimelinunua mwenyewe

Mwaka juzi nilinunua Vitz, hela ya miaka minne ya kuuza vitenge pamoja na mgao wangu wa kikoba. Siku nimeileta nyumbani hapa Mbagala jirani yangu akanipongeza, akazunguka gari lote, alafu akaninong'oneza, "shoga, nani kakuhonga?" Hakuwa na ubaya wowote, ni mtu wangu kabisa tunaombana mpaka chumvi, ila liliniuma sana lile swali maana yeye mwenyewe ananiona kila siku alfajiri natoka na mzigo kichwani.

Nikawaza hilo swali limetoka wapi. Jamani limetoka kwenye tv. Hizi bongo muvi tunazoangalia, mwanamke akitokea tu na gari na nyumba nzuri ushajua huyu ama kahongwa na mume wa mtu ama kapita kwa mganga, na muvi haiishi mpaka apate ukimwi au awe chizi. Mwema ni yule anayelia, anapigwa anavumilia anatukanwa na mawifi anavumilia, mwisho mume anarudi kuomba msamaha na sisi tunafurahi. Matangazo nayo hivyohivyo, sabuni ya unga ni mama, mafuta ya kupikia ni mama, mi sijawahi kuona baba anafua jezi ya mtoto.

Lakini kinachoniumiza kuliko vyote ni kile kichwa cha habari, "amuua mkewe kwa wivu wa mapenzi". Mapenzi gani hayo? Mara nyingi maneno yanatoka kwa kamanda wa polisi na mwandishi anayabeba kama yalivyo, basi muuaji anaonekana kama mtu aliyezidiwa na upendo, na ukishuka kwenye komenti unakuta watu wanauliza kwani mwanamke alifanya nini. Marehemu yuko kaburini na kesi anasomewa yeye. Andikeni kamuua mke wake, basi, inatosha.

Na sio kwamba haya hayajasemwa. Waandishi wanawake waliunda chama chao, TAMWA, tangu 1987. Mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing 1995 katibu mkuu wake alikuwa mama yetu Gertrude Mongella na azimio lake lina sehemu nzima ya wanawake na vyombo vya habari. Mwaka huohuo ukafanyika upimaji wa habari nchi nyingi duniani, ikaonekana wanawake ni asilimia 17 tu ya watu wanaosikika na kutajwa kwenye habari, wakapima tena 2020 ikawa 25. Yani miaka 25 tumepanda asilimia 8, na sisi ni nusu ya watu!

Kuna wanaosema mbona tuna rais mwanamke tangu 2021. Sawa, mwanangu anamuona Rais Samia kwenye taarifa ya habari saa mbili, dakika chache tu, alafu zinakuja tamthilia mpaka anasinzia.

Juzi nimemkuta anaigiza muvi na wenzake barazani, yeye kachagua kuwa mke anayelia. Nikamuuliza kwanini usiwe yule mwenye gari, akaniangalia kwa mshangao, "huyo si mbaya, mama?" Nilikosa la kusema. Jumamosi nikampakia kwenye Vitz tukaenda wote Kariakoo kufata mzigo, nikampa daftari aandike yeye bei.