Mama Mkwe, Nusu ya Kondo Ni ya Mwanao

Jumamosi iliyopita tulimzika binti wa miaka 23, aliyefariki kwa kifafa cha mimba, katika kijiji kimoja cha Uganda kilicho mwendo mfupi wa boda boda kutoka mpakani Busia, na tangu siku hiyo sijapata utulivu wa kusahihisha hata daftari moja. Si kifo peke yake kilichonikera, kwa maana umri wangu umekwisha kunizoesha makaburi. Kilichonikera ni maneno yaliyosemwa mbele ya jeneza kwa kipaza sauti cha kukodi. Mhubiri alitukumbusha kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mheshimiwa mmoja, aliyefika na msafara wa magari manne, alitueleza kwa huzuni kubwa kwamba usiku ule ambulensi haikuwa na mafuta. Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, alisoma hesabu ya rambirambi. Kisha mama mkwe wa marehemu, ambaye hakuwa katika ratiba, akakichukua kipaza sauti na kutamka sentensi moja tu, nayo ikapokewa kwa vichwa vya kuafiki: "Katika ukoo wetu kifafa hakijapata kuonekana."

Hapakuwa na mtu chini ya lile hema ambaye hakuelewa. Ugonjwa uliingia nyumbani pamoja na mke. Kama ni damu mbaya, imetoka kwao, na kama ni pepo, amefuatana naye tangu siku ya mahari. Wazazi wa binti, walioketi mkekani upande wa pili, waliinamisha vichwa kama watu waliosomewa hukumu. Nami nilinyamaza, na kwa hilo sijajisamehe.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo katika lawama hizi nina fungu langu. Lugha yetu imeupa ugonjwa huu jina la ugonjwa mwingine. Tunauita kifafa cha mimba, na mtu akisikia kifafa humtafuta mganga, au huanza kuhesabu mababu wa upande wa pili. Hatafuti kipimo cha presha. Ilhali degedege ile ambayo majirani waliishuhudia ni mwisho wa safari iliyoanza wiki nyingi nyuma: baada ya wiki ya 20 ya ujauzito presha hupanda kufikia 140 kwa 90 na kuzidi, protini huanza kupita katika mkojo, kisha huja maumivu ya kichwa yasiyokoma, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, na uchungu chini ya mbavu za kulia. Dada yake marehemu aliniambia kwamba kichwa kilimsumbua kwa siku kumi, na kwa siku hizo kumi alimeza dawa za malaria. Wagiriki nao hawakututangulia kwa lolote, maana neno lao, eklampsia, lile ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, lilimaanisha kumulika ghafula kama radi. Lakini radi angalau haina mama mkwe wa kuisingizia ukoo.

Sasa nieleze jambo ambalo ningelisema siku ile kama ningekuwa na ujasiri wa yule mama.

Katika nchi hii hii, kwenye wodi za hospitali ya Mulago, Kampala, ambako wengi wetu tumewahi kupeleka uji katika chupa ya chai, daktari wa wanawake na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Annettee Nakimuli, aliushika ugonjwa huu kama swali badala ya kuupokea kama ajali. Aliona kwamba wanawake wenye asili ya Afrika huupata zaidi, na kwamba ukiwapata huwa mkali zaidi, huku sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa juu ya chanzo chake yakiwa yametokana na wanawake wa Ulaya. Pamoja na wenzake, akiwemo Ashley Moffett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alilinganisha jeni za wanawake wa Uganda waliougua na za wale ambao hawakuugua, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Walichokikuta kingestahili kusomwa katika kila kikao cha kupokea mahari.

Chanzo chake kimo katika kondo la nyuma. Mimba inapotunga, chembe za kondo hujipenyeza katika ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa ya damu ya mama, ili mtoto apate chakula na hewa ya kutosha kwa miezi yote. Mlangoni pale hukutana na chembe za kinga za mama. Chembe hizo za mama zina vipokezi vyake, na chembe za kondo zina alama zake. Vikipatana, mishipa hufunguka vizuri, na visipopatana, mishipa hubaki myembamba, kondo hupungukiwa damu, na baadaye mwili mzima wa mama hulipa kwa presha. Ndipo linapokuja lile ambalo ningependa mama mkwe alisikie akiwa ameketi: kondo ni kiungo cha mtoto, na mtoto ameichukua nusu ya jeni zake kwa baba. Alama inayoleta matatizo mlangoni inaweza kuwa ile aliyoirithi kwa baba. Hivyo mke anaweza kuugua kwa sababu ya kitu kilichotoka katika ukoo ule ule ambao kifafa hakijapata kuonekana ndani yake, na hakijaonekana kwa sababu nyepesi kabisa, kwamba wanaume wa ukoo hawabebi mimba.

Wala wazo hili halikuzaliwa jana. Mwaka 1998 watafiti waliotumia kumbukumbu za uzazi za Norway walionyesha kwamba mwanamume ambaye mwenzi wake mmoja aliwahi kupata ugonjwa huu, akizaa na mwanamke mwingine, huyo wa pili naye hukabiliwa na hatari iliyokaribia kuwa maradufu. Nawaza ni wajane wangapi wa kiume wametafutiwa mke mwingine "mwenye damu safi" kabla nyasi hazijaota kaburini, na hakuna aliyemwambia mke huyo mpya apimwe presha mapema.

Jambo la pili lililotoka katika kazi ya Nakimuli lina uzito kwa nchi nzima. Jeni zilizoonekana kuwakinga wanawake wa Uganda hazikuwa zile zile zilizokwisha kuonekana kuwakinga wanawake wa Uingereza. Kwa maneno mengine, hata kama Ulaya ingetafiti kwa miaka 100 mingine juu ya wanawake wake yenyewe, kinga ya bibi wa Tororo isingegunduliwa huko, na ilibidi mtu wa hapa aulize hapa, kwa damu ya wanawake wa hapa waliokubali kuitoa wakiwa katika hali ambayo wengi wetu tusingependa hata kuulizwa jina. Ninapomsikia mtu akisema redioni kwamba watafiti wanachezea damu wakati hospitali hazina glovu, huwa namkubalia kuhusu glovu.

Yupo atakayenirukia sasa na kusema: basi, mwalimu, kama ni jeni, hayo nayo si majaliwa? La hasha. Jeni huweka hatari, lakini anayeua ni ucheleweshaji. Tangu mwaka 2002, jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 lilipothibitisha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu, dunia haina kisingizio. Dawa hiyo si ya anasa. Aspirini ya kipimo kidogo, inayoanzishwa mapema kwa wanawake walio katika hatari kubwa, ni rahisi zaidi. Ugonjwa wenyewe huondoka kwa kuzalisha na kondo kutoka, ingawa hatari hubaki kwa siku kadhaa baadaye, na ndiyo maana kumruhusu mama arudi nyumbani haraka bila kumpima ni kosa ambalo naona tumelizoea mno. Lakini hayo yote hutanguliwa na kitambaa kinachofungwa mkononi na kujazwa upepo. Binti tuliyemzika alikwenda kliniki mara nne. Kadi yake niliiona kwa macho yangu: uzito umeandikwa mara nne, presha mara moja, mwanzoni, na ilikuwa ya kawaida kama inavyokuwa mwanzoni kwa wengi. Kituo hicho sitakitaja, kwa kuwa wakunga wake wawili huhudumia foleni inayofika barabarani, na sitaki hasira yangu iwaangukie wao.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kifaa hakitoshi. Kati ya mwaka 2016 na 2017 kipimo cha presha chenye taa za kijani, njano na nyekundu, kilichobuniwa ili hata mhudumu asiye na mafunzo marefu akielewe, kilijaribiwa katika maeneo kumi ya Afrika, Asia na Haiti, Kampala ikiwa mojawapo, kwa wanawake zaidi ya nusu milioni. Madhara kwa kina mama yalipungua, lakini watafiti, kwa uaminifu ambao mheshimiwa wetu wa magari manne angeiga, walisema hawawezi kudai kwamba ni kifaa kilichoyapunguza, kwa kuwa hali ilikuwa ikibadilika hata bila kifaa. Taa nyekundu haimbebi mgonjwa. Nakiri pia kwamba nchi imesogea: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikadiria vifo vya kina mama 336 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na ule wa 2022 ukakadiria 189. Ninafurahi, ila mtu asiniletee takwimu hizo matangani.

Kuhusu mhubiri sina ugomvi na Maandiko, ninayasoma kila asubuhi. Ila Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya nchi hii, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2011 kufuatia vifo vya wanawake wawili waliokwenda kujifungua, iliamua kwamba Serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Majaji hawakuandika kwamba Bwana ametwaa. Waliitaja Serikali.

Watu walipokuwa wakitawanyika nilimwona dada wa marehemu amekaa peke yake nyuma ya hema, kandambili amezivua kwa sababu miguu haikuwa ikiingia. Ana mimba ya miezi saba. Nilimsogelea, tukasalimiana, nikamuuliza kama amepimwa presha mwezi huu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ndani, kisha akasema, "Mwalimu, walinipima kilo tu." Nilimweleza kwamba mtu ambaye ndugu yake wa tumbo moja amepata ugonjwa huu naye yumo katika hatari zaidi, na kwamba miguu kuvimba huwa kwa wajawazito wengi, lakini haikatazi kupimwa. Akauliza kama basi ni kweli ugonjwa uko katika damu ya kwao. Nilikaa chini, nikamweleza habari za kondo tangu mwanzo, na shemeji yake, yule mfiwa, akasimama kando akisikiliza bila kusema neno.

Jumatatu niliwalipia boda boda yeye na mama yake, nami nikafuata na baiskeli. Mashine ya kituo haikuwa na betri, nikazinunua dukani, na mkunga akanishukuru huku akinikemea kwa kusimama katika foleni ya wanawake. Presha ilikuwa 130 kwa 80. Mkojo haukupimwa, kwa kuwa vijiti vya kupimia vilikuwa vimekwisha, na tumeambiwa turudi Alhamisi.