"Internecine": neno lililopata maana kwa kosa la kamusi

Kivumishi cha Kiingereza "internecine" hakisikiki mara kwa mara, na kinapotokea huandamana na vita au ugomvi wa watu wa kundi moja, kama vile chama kilichogawanyika au ndugu wanaogombea urithi. Mfasiri wa Kiswahili huandika "wa wenyewe kwa wenyewe" bila kusita. Hata hivyo, maana hiyo haikuwamo katika neno hili lilipoingia Kiingereza.

Chimbuko lake ni Kilatini, ambamo "necare" ni kuua. Kiambishi "inter-" kwa kawaida humaanisha "baina ya", lakini katika vitenzi kadhaa, kama "interire", yaani kuangamia, hakina dhana hiyo hata kidogo. Kwa hiyo "internecare" ilikuwa kuua hadi asisalie mtu, na mshairi Mwingereza Samuel Butler alipolitumia neno hili mwaka 1663 kuielezea vita, alikusudia ukali wa mauaji. Mwanakamusi Samuel Johnson, katika kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikichukua kiambishi kwa maana yake iliyozoeleka, akafasili kwamba ni kutafuta kuangamizana. Ni kama mtu aliyekuta "kuua" akasoma "kuuana". Kutoka hapo hadi ugomvi wa ndani haikuwa safari ndefu.

Wanaotetea maana ya asili wana hoja nzito, kwani anayefasiri maandishi ya karne ya 17 kwa maana ya leo humsingizia mwandishi jambo ambalo hakulisema. Hoja hiyo naikubali kabisa. Nisichokubali ni kwamba maana iliyozaliwa na kosa haiwezi kuwa halali. Sisi wenyewe tulipokea "kitabu" kutoka Kiarabu, ambako "ki" ni sehemu ya neno lenyewe na wingi wake ni "kutub"; tukaisikia kama kiambishi cha ngeli yetu, tukapata "vitabu", na hakuna mwalimu anayeikata kwa wino mwekundu. Tena Kiingereza kilikuwa na maneno tele ya kusema "-a kuua", ilhali dhana ambayo sisi tunaibeba kwa "-ana" ilikuwa na vivumishi vichache. Naona Johnson, bila kukusudia, aliziba pengo.

Kwa maandishi ya leo, basi, "wa wenyewe kwa wenyewe" ni tafsiri sahihi. Kwa yaliyotangulia kamusi ya Johnson, mfasiri aandike "wa maangamizi".