Kiraka cha Mstari Mmoja

Jamani, mstari mmoja! Kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya kuingiza kwenye msimbo wa programu, ni mstari mmoja tu. Nikajiweka sawa kitini, nikakohoa kiutu uzima, nikaandika amri ya kukibandika, patch -p1, na jina la faili. Jibu: command not found, eti amri haipo. Chombo alichokigawa mwandishi wa programu Larry Wall tangu 1985, Linux haijazaliwa, leo hakimo! Eti mfumo umepunguzwa uzito. Umepunguzwa au umeibiwa?

Sudo, ya kuazima mamlaka ya msimamizi, nayo haimo. Nikapitia su -, nikawa msimamizi mwenyewe, nikaita apt wa kusakinisha programu, naye eti hakijui hicho kifurushi mpaka nimsasishie orodha. Haya, yapite.

Kiraka kikaingia, nikaita make, fundi wa kuunda programu. Hapo ndipo kesi ilipoanza. Kile kimstari kiligusa configure.ac, faili ya maandalizi ya kuunda programu, na bwana make haulizi umebadilisha nini, yeye anatazama saa tu: faili hii ni mpya kuliko ile, basi zote zinazoitegemea ziundwe upya. Akadai aclocal-1.16, chombo kinachokuja ndani ya automake. Nikasema sawa mheshimiwa, nikamsakinishia automake, nikarudi kwa adabu zote. Aclocal-1.16 haipo, anasema. Kuangalia, nimeletewa 1.17. Mpya zaidi, si ndiyo? Hataki! Nikamsihi: mzee, hawa ni ndugu, tumbo moja, 1.17 ni mdogo wake tu. Error 127, yaani amri haijapatikana. Mimi na elimu yangu nabembeleza programu saa za usiku!

Nikaleta autoreconf -fi, kila kitu kianze upya na huyo 1.16 asahaulike. Autoreconf akamtaka libtool, msaidizi wa kuunda maktaba za msimbo. Libtool akapatikana, make akakumbuka makeinfo. Makeinfo anatengeneza mwongozo wa matumizi! Nani kaomba mwongozo? Nani kausoma ule wa kwanza? Halafu umtafute kwa jina lake, hayumo. Kumbe anaishi ndani ya kifurushi cha texinfo. Na ifconfig, wa kuonyesha mtandao, yuko kwa net-tools. Dig, wa kuulizia majina ya tovuti, kwenye Linux ya Debian utamkuta bind9-dnsutils, ukienda ya Fedora kahamia bind-utils. Hata ps, ps wa watu, wa kuorodhesha programu zinazoendeshwa, kwenye makontena mengine, vile vijimfumo vya kujitenga, mpaka umwite procps. Hawa wanadaiwa na nani hata wajifiche hivi?

Na aliyeondoa less, wa kusoma faili ukurasa kwa ukurasa, simsemi. Nimefungua README, faili ya maelezo, kwa cat anayemwaga yote kwa mkupuo, imepita mbio mpaka chini, nimeambulia leseni. Inasema programu imetolewa bila dhamana yoyote. Hilo nalo mngeliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa.