Teleka mdogo wa Ufilipino aliyevuruga hesabu

Kwa miaka mingi wataalamu wa ndege walikuwa na kipimo chepesi cha kuwatenganisha teleka wadogo wa visiwa vya Asia na Pasifiki: nenda naye gizani, usikilize. Anayepiga vidoko na kujiongoza kwa mwangwi ni wa jenasi ya Aerodramus (jenasi ni kundi la spishi zenye udugu wa karibu). Aliye kimya ni wa jenasi ya Collocalia. Mtaalamu wa ndege R. K. Brooke ndiye aliyependekeza mgawanyo huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ulipokelewa vizuri, maana ndege hawa wanafanana hadi wanachosha: wadogo, weusi au kahawia, mabawa membamba, na hawatulii hata umkague mmoja kwa makini.

Mwaka 2004 mtafiti Jordan Price na wenzake wakaleta habari ya teleka mmoja anayepatikana Ufilipino peke yake, Collocalia troglodytes. Ana urefu wa sentimita 9 hivi na uzito wa takriban gramu 5. Mchana huruka juu ya misitu akidaka wadudu hewani, na alama yake kubwa ni ukanda mweupe juu ya mkia. Kwa jenasi yake alitakiwa kuwa kimya. Ndani ya pango lenye giza, akasikika akipiga vidoko.

Sasa kuna maelezo mawili. La kwanza: babu wa teleka hawa wote alikuwa na uwezo huo, na ndugu wengine wa Collocalia wakaupoteza. La pili: uwezo ulizuka mara mbili, kila jenasi kivyake.

Wanaoshika la kwanza wana hoja nzito. Viumbe hupoteza wasichokitumia, kama samaki wa mapangoni waliopoteza macho. Collocalia esculenta hujenga karibu na mlango wa pango, mahali penye mwanga, kwa hiyo vidoko vingemsaidia nini? Teleka mkubwa Hydrochous gigas, anayejenga nyuma ya maporomoko ya maji, naye hajiongozi kwa mwangwi. Ukitazama orodha hiyo, kupoteza kunaonekana jambo la kawaida kabisa.

Hata hivyo mimi naegemea upande wa pili, na sababu ni jinsi chombo chenyewe kilivyo. Popo hutumia sauti za juu ambazo kwa kawaida sikio la binadamu halizipati, na kwa sauti hizo humfuata mdudu akiruka. Kidoko cha teleka tunakisikia wazi, tena ni kifupi, mara nyingi viwili viwili vilivyokaribiana sana. Hakimsaidii kukamata mbu. Kinamwezesha kukwepa ukuta na kukifikia kiota chake. Mtaalamu wa ndege Lord Medway alilionyesha hilo mwaka 1959 kwa teleka wa Borneo. Kidoko hutoka kwenye koo lilelile la sauti ambalo kila ndege analo, na masikio ya teleka hayajabadilika sana kwa ajili ya kazi hii. Hata binadamu wasioona hujifunza kupiga kidoko kwa ulimi na kutambua kilicho mbele yao. (Wengine hujifunza wakiwa watoto, bila mwalimu.)

Chombo rahisi namna hiyo kinaweza kuzuka zaidi ya mara moja. Guácharo wa Amerika Kusini, ndege mla matunda asiye na udugu wa karibu na teleka, naye hupiga vidoko mapangoni, na hakuna anayedai kwamba aliurithi uwezo huo kwa babu mmoja na teleka. Tena, kama kuwa na uwezo huo hakugharimu kitu, msukumo wa kuuacha unatoka wapi? Samaki wa pangoni anapunguziwa mzigo macho yanapopotea. Teleka aliyeacha vidoko sioni kapunguziwa nini.

Kichekesho ni kwamba vinasaba viliunga mkono jenasi zote mbili za Brooke. Mgawanyo ukabaki, sababu yake ikaanguka.

Kuhesabu hatua za mabadiliko tu hakutaamua. Kuzuka mara moja kisha kupotea mara moja ndani ya Collocalia ni hatua mbili. Kuzuka mara mbili nako ni mbili. Kinachohitajika ni kuwapima ndugu wengine wa Collocalia gizani totoro, hasa sasa ambapo C. esculenta, aliyehesabiwa spishi moja, amegawanywa kuwa spishi kadhaa. Wakipatikana wapiga vidoko wengine waliotawanyika humo, nitahamia upande wa kwanza au angalau nitapunguza sauti. Akibaki huyu wa Ufilipino peke yake, wa upande huo ndio watakaodaiwa maelezo.