Njozi ya mganga, afya ya mgonjwa: anayepaswa kuzama ni nani?

Ubishi kuhusu ushamani, yaani uganga wa kuzama katika njozi na kusafiri kiroho, hukwama palepale kila mara. Wapo wanaoshikilia kwamba hali ya njozi, ile ambayo mtu yu macho lakini fahamu zake zimehama, inaponya. Wapo wanaosema ni wazimu uliovishwa manyoya na njuga. Wote wanalirukia swali ambalo lingetangulia: katika tiba hiyo, anayezama ni nani?

Kwa Waevenki wa Siberia, anayepiga ngoma na kuzama ni shamani. Mgonjwa anabaki na akili zake timamu, akisikiliza habari za safari. Kwa Wasan wa Kalahari, wanawake huketi kuuzunguka moto wakipiga makofi na kuimba, wachezaji wanazunguka nyuma yao usiku kucha, na yule ambaye nguvu imemchemka mwilini ndiye anayewawekea wengine mikono. Kwenye zari, ibada ya pepo ya Ethiopia na Sudan, ni kweli mgonjwa mwenyewe hupandisha, ila huko kazi kubwa ni kupatana na pepo, na mgonjwa huingizwa katika kundi analoweza kuishi nalo miaka mingi.

Warsha za leo za ushamani zimeugeuza mpango huo. Mteja ndiye anayelazwa chini na kuambiwa asafiri, na jioni anarudi kwake peke yake. Mtindo huu umeenezwa zaidi na mwanaanthropolojia wa Marekani, Michael Harner, hasa kuanzia miaka ya 1980. Sina ugomvi nao kama mazoezi. Ugomvi wangu ni kwamba unauzwa kwa sifa za tiba ambayo muundo wake ulikuwa mwingine.

Tuutazame kwa karibu. Mteja hulala chali, chumba kina giza, macho yamefunikwa kitambaa. Anatajiwa nia moja, si tatu. Ngoma ya mkono hupigwa kwa mdundo usiobadilika, mapigo 205 hadi 220 kwa dakika, na anayeanza hupewa kama dakika 10. Wakati wa kurudi ukifika, ngoma husimama, yanapigwa mapigo manne makali, kisha mdundo wa kasi sana kwa nusu dakika, kisha mapigo manne tena. Hapo katikati ndipo pa kuharibikia: mpigaji anachoka mkono na kasi inashuka, au anaanza kuupamba mdundo, na msikilizaji anajikuta anafuata muziki badala ya kuzama. Kosa baya zaidi ni kukatisha ngoma ghafla bila mapigo ya kurudi, kwa kuwa muda umekwisha na kundi jingine linasubiri mlangoni.

Matangazo husema mdundo huo unauvuta ubongo kwenye mawimbi ya theta, yale ya polepole ya kusinzia. Piga hesabu: mapigo 205 hadi 220 kwa dakika ni kama 3.4 hadi 3.7 kwa sekunde, na theta kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 4. Dai lenyewe lina mizizi katika majaribio ya mtafiti Andrew Neher ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gilbert Rouget, mtafiti Mfaransa wa muziki, alilishambulia mwaka 1980 kwa hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri: kama ngoma peke yake ingetosha, nusu ya Afrika ingekuwa imepagawa mwaka mzima. Watu huhudhuria ngoma hiyohiyo, na anayepanda ni yule aliyefundishwa, anayetarajiwa kupanda, na ambaye zamu yake imefika.

Hata hivyo wanaosema ni maigizo matupu nao wana deni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwaweka watu 15 wenye uzoefu wa njozi za kishamani ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, ukilinganisha mdundo uliotulia na mdundo usio na mpangilio. Walipozama, sehemu za ubongo zinazohusika na mawazo ya ndani zilishikamana zaidi na zile za udhibiti, huku njia ya usikivu ikijitenga kiasi. Kwa hiyo kuna jambo linatokea. Lakini lilitokea kwa wazoefu, na kubadilika kwa ubongo hakuwi uponyaji kwa sababu tu kumepigwa picha.

Kwenye uponyaji wenyewe ushahidi ni mwembamba. Mfano unaotajwa sana ni jaribio la Marekani la mwaka 2007 kwa wanawake 23 wenye maumivu ya kiungo cha taya. Maumivu ya kawaida yalishuka kutoka karibu 5 hadi chini ya 3 kwenye kipimo cha 10. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo matarajio, uangalizi na kupita kwa muda havikuweza kutenganishwa na tiba. Na kazi ya kusafiri ilikuwa ya waganga. Anayelitumia jaribio hilo kutetea warsha ambamo mteja ndiye msafiri amebeba ushahidi wa nyumba nyingine.

Hoja ya wazimu nayo ilidhoofika zamani. Mwaka 1983 mtafiti Richard Noll alilinganisha hali ya shamani na skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, akaonyesha kwamba shamani huingia na kutoka kwa hiari, na hachanganyi ulimwengu ule na huu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inakata mstari karibu na hapo: njozi au kupagawa huwa ugonjwa pale hali inapomjia mtu bila hiari, nje ya desturi inayokubalika kwao, na kumletea dhiki kubwa au kumvurugia maisha.

Kwa mujibu wa mstari huo, hatari ya warsha si ngoma. Ni kuingiza watu bila kuwachuja. Aliyewahi kupata saikosisi, yaani kupoteza mguso na uhalisia, au mwenye kifafa hafai kuingizwa bila ushauri wa daktari wake. Pale ambapo ngoma imebadilishwa na kuhema kwa kasi, waongezwe wajawazito na wenye maradhi ya moyo. Kuhema huko hushusha kaboni dayoksaidi kwenye damu, mishipa ya ubongo inajibana, kalsiamu huru inapungua, midomo inafa ganzi na viganja vinakakamaa. Wakufunzi wengine huita hiyo nishati inayotoka. Ni kemia, na hutulia ndani ya dakika chache mtu akihema taratibu, pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta.

Asiyerudi vizuri baada ya mapigo ya mwisho asipigiwe ngoma tena. Washa taa, mketishe, mwite kwa jina lake, miguu ikanyage sakafu, mpe maji akishaweza kumeza bila shida. Asiendeshe gari hadi ajibu maswali ya kawaida bila kusita. Akiendelea kuona au kusikia mambo siku ya pili, au akikosa usingizi usiku mzima huku akiwa na nguvu zisizo za kawaida, apelekwe hospitali. Akiwa anatumia dawa za akili, mtu yeyote anayemwambia aziache ili asafiri vizuri amekwishajitoa kwenye mjadala huu.