Sikuwa nasali: ukweli wa video ya Livigno

Haya, video mmeshaiona. Wifi yangu ameisambaza kuanzia Milano hadi Tanga, na chini yake kaandika eti "wifi amezidiwa, anasali mlimani". Sikuwa nasali. Nilikuwa naburutwa kifudifudi kupanda mlima, na kuna sababu za kiufundi. Nitazieleza taratibu, maana heshima niliyobaki nayo yote imo humo.

Livigno iko kaskazini mwa Italia, ubavuni mwa Uswisi, mita 1,816 juu ya usawa wa bahari. Kijiji kimejinyoosha bondeni, milima ya skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili miguuni na fimbo mikononi, kushoto na kulia: huku Carosello 3000, kule Mottolino. Bidhaa hazitozwi VAT, kwa hiyo wifi alifuata manukato na mimi nilifuata wifi kumbebea mifuko. Habari ya skii ililetwa na yeye mwenyewe usiku, ameshashiba. Ishikeni hiyo.

Mambo yaliharibika dukani, wala si mlimani. Viatu vya kukodi vina bizimu nne na ni vigumu kama ndoo, na ndani huvaliwa soksi moja tu, ndefu na nyembamba. Ukivaa mbili damu haipiti vizuri na baridi inakuingia zaidi. Hilo nilitii. Halafu kijana wa duka akaniuliza urefu, umri, uzito, na kama nimewahi kuteleza. Hakuwa mmbea. Kila ubao una kibanio kinachokamata kiatu, na kibanio kina springi inayokazwa kwa bisibisi kufuata majibu yako. Ikikazwa sana, ukianguka ubao hauchomoki na goti ndilo linalolipa. Ikilegea, ubao unakuvuka kwa mtikisiko mdogo tu.

Wifi alikuwa kasimama nyuma yangu. Nikasema kilo 58.

Msinicheke, na nyie mngesema hivyohivyo. Kijana akanitazama, akaitazama karatasi, akakaza springi ya mtu wa kilo 58.

Kofia ngumu nilipewa, maana sasa Italia ni lazima kwa watu wote, si watoto peke yao. Bima nayo ni lazima tangu 2022, ila ni ya madhara utakayowafanyia wengine. Ya aibu haipo, niliuliza. Suruali ya theluji niliazima kwa kaka, na kiuno chake kinaingia watu wawili, kwa hiyo nikaifunga kwa kanga. Ndiyo, ile ya MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Mnaijua.

Sasa kisahani.

Kwenye mteremko wa wanaoanza hakuna kiti cha kupandia. Kuna kamba ya chuma inayozunguka juu, inaning'iniza vyuma virefu, na kila chuma kina kisahani cha plastiki mwishoni. Wanakiita piattello. Unasimama, mbao mbili sambamba, fimbo zote mkono mmoja, unadaka chuma, unapitisha kisahani katikati ya miguu mpaka kikae nyuma ya mapaja. Halafu unabaki UMESIMAMA, magoti yamelegea. Kisahani kinavuta, hakibebi. Ukikikalia, kamba yake inarefuka tu na wewe unashuka nayo.

Nilipokidaka, kwanza hakikufanya kitu. Kamba inajikunjua kidogo kabla haijakaza. Katika utulivu ule nikajisemea, mbona rahisi. Nikakaa.

Makalio yakaanza safari ya kwenda chini, polepole, yakitafuta kiti ambacho hakikuwepo. Hapohapo kamba ikakaza. Kwa! Mbao zikatangulia mbele, na ule wa kushoto, uliokazwa kwa ajili ya binti wa kilo 58, ukasema kwaheri ukabaki nyuma. Nikageuka nusu, nikaangukia tumbo.

Kanuni ya kuanguka pale ni moja: achia, jiviringishe utoke kwenye njia, kwa sababu nyuma yako kuna watu na kisahani chao. Wallahi niliachia! Tazameni video vizuri, mikono yote miwili iko hewani. Lakini kanga ilishajizungusha kwenye chuma, na mie fundo langu ni la mwanamke wa pwani, halifunguki kwa mzaha.

Basi nikapanda mlima. Theluji ikaingia kwa mbele kupitia kiuno cha kaka, ikajaa, ikashuka hadi magotini; nikawa nanenepa huku natembea. Kanga nayo ikajifungua upande mmoja, ikatandazika mgongoni, herufi moja moja, mbele ya baraza la mgahawa lililojaa watu wanaokunywa bombardino, ile pombe ya mayai ya moto yenye krimu juu. Vikombe vikashuka. Nyuma yangu alikuja mtoto mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, kasimama wima kwenye kisahani chake, ananipigia kelele "Molla! Molla!" Mwanangu, nimeshaachia, zungumza na kanga.

Mita 15 hivi, ndipo mzee wa mtambo akabonyeza kitufe chekundu. Akaja na kisu. Kisu, kwenye kanga ya doti! Nilipiga ukelele uliofika Uswisi, akalifungua fundo kwa vidole.

Mengine ni mafupi. Tulikula pizzoccheri: tambi za unga mweusi wa buckwheat zilizochemshwa pamoja na viazi na kabichi, juu jibini ya Casera, siagi, vitunguu saumu na majani ya seji. Tamu, na nzito ya kukulaza. Choo kilikuwa ngazi za chini. Kwa viatu vile nilishuka kinyumenyume, nimekumbatia ukuta.

Kisha nikarudi dukani wakaze springi upya. Wifi alikuwa mlangoni na simu yake, kwa hiyo sikutamka kitu. Niliomba kalamu, nikaandika uzito wa kweli kwenye karatasi, nikaikunja, nikamsogezea kijana.

Akaikunjua, akaisoma kwa sauti.